Mseto Usio na Chumvi

Katika nyumba ile mpishi haonji. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa, na lilinikera kuliko kukatazwa vitunguu. Mimi nimelea watoto saba kwa pamba na mtama, nimepika kwenye misiba sufuria ambamo ndama angeogelea, na sijawahi kupakua chakula ambacho ulimi wangu haujakipima. Lakini kule Somanda, kwa yule mama wa Kihindi niliyempikia miaka kumi na moja, chakula kilikwenda kwanza mbele ya picha ya Mungu wao. Kikikaa pale kidogo, ndipo watu wakala. Mpishi akitangulia kuonja, amempa Mungu makombo. Basi nikajifunza kupika kwa pua na masikio. Samli ikilia hivi, binzari tayari. Mvuke ukinuka hivi, choroko zimeiva.

Nasema haya mapema ili asije mtu akaniuliza: wewe bibi, hukuonja? Sikuonja. Aliyeonja ni mama yule peke yake.

Alizaliwa huku huku. Babu yake alikuja kununua pamba zamani za Wazungu, na yeye Kisukuma alikijua kuliko wajukuu zangu, wanaoitikia salamu kama wanatafuna ubuyu. Umri wetu ulilingana. Aliniita mayu, nami nikamwita mayu, kama wanawake wa kwetu wanavyoitana mama. Duka la mbele, la vitenge na misumari, lilifungwa mumewe alipofariki. Mtoto wao mmoja tu yuko Mwanza na biashara zake. Ndani tukabaki wawili na mbwa mzee. Jioni nilirudi kwangu kwa miguu, si mbali.

Sasa nieleze habari ya mumewe, maana mambo yote yanaanzia kwake.

Mungu wao huwa analala. Miezi minne kila mwaka, kuanzia mwezi wa saba hivi, siku ya kumi na moja tangu mwezi uandame. Kwenye picha yumo, mwili wa bluu, amelala juu ya nyoka mkubwa aliyejikunja kama kamba ya kisima, na vichwa vya nyoka vimemfunika kama mwavuli. Macho ya Mungu yamefumba nusu. Ukipita na ndoo unaona weupe wa jicho. Kule walikotoka, hiyo ndiyo miezi ya mvua. Huku kwetu ndiyo miezi ya vumbi, pamba inapimwa, upepo unachimba macho. Lakini wao wanafuata mvua ya kule. Na kwa kuwa Mungu amelala, mtu mwenye kujitesa kwa ajili ya roho yake anaacha kitu mpaka aamke. Mmoja anaacha mboga za majani, mwingine biringanya, mwingine anakula mara moja kwa siku. Sisi Wakatoliki tunaacha nyama Ijumaa ya Kwaresima, jioni tunatafuta samaki mkubwa kuliko nyama, tunajiona watakatifu.

Mumewe, mwaka wake wa mwisho, aliacha vitu viwili: chumvi na maneno. Alimwambia mkewe, "Ulimi wangu una kazi mbili, kuonja na kusema, na zote mbili zimenitawala tangu utoto." Akanyamaza. Mzee aliyekuwa anapiga kelele mpaka bodaboda wa barabarani wanageuka, akanyamaza kama ukuta. Siku ya sitini na tatu moyo ukamshika. Mkewe alikuwa pale. Akaona midomo inacheza, anataka kusema kitu. Halafu yule mzee akainua kiganja chake mwenyewe, akajiziba mdomo, akafa hivyo, mkono uko juu ya mdomo.

"Nilikaa naye miaka arobaini na sita," mayu aliniambia. "Neno moja likabaki ndani."

Hakulia alipokuwa ananiambia. Alikuwa anachambua mchele.

Miaka miwili ikapita. Siku moja ya mwezi wa saba akaniita uani, anamwagilia mrehani wake.

"Mayu, kesho nanyamaza."

"Kwa nani?"

"Kwa wote. Miezi minne. Na chumvi usitie."

Nikacheka. "Mseto bila chumvi si chakula, mayu. Ni dawa ya kubandika jipu."

"Basi nibandike." Akacheka naye, halafu uso ukabadilika. "Sikiliza vizuri. Nadhiri yake ilikatika siku ya sitini na tatu. Nataka niifikishe siku mia na ishirini, itimie. Ikikatika mikononi mwangu naanza tena moja. Na daktari ameshanionyesha picha ya moyo wangu, umevimba kama kiazi. Mwaka mwingine sina. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Niahidi."

"Kwani mimi nimewahi kukuunguzia?"

Sikuahidi. Nilijisifu tu. Leo ndiyo naona tofauti yake.

Kesho yake nilipofika, alikuwa amevaa nyeupe, ameketi kwenye mkeka mwembamba mbele ya picha. Ukutani alikuwa amechora mstari mmoja kwa chaki. Nikasema, "Mwangaluka, mayu." Akanitazama tu. Nimesalimiana na mtu yule kila asubuhi kwa miaka, na asubuhi ile salamu yangu ilirudi mikononi mwangu kama sahani ambayo mgeni ameikataa. Nikasimama nayo nje ya mlango sijui niiweke wapi.

Kila asubuhi mstari mmoja. Hakusema, hakuandika hata karatasi ya sokoni. Akinihitaji alipiga makofi mawili, kama mumewe alivyofanya wakati wake. Alilala chini. Alikula saa saba mchana, mara moja: mseto wa mchele na choroko, kijiko cha samli, maji. Muda uliobaki alishika rozari yao, ndefu, shanga mia na nane, lakini huioni. Iko ndani ya mfuko wa kitambaa, na mkono wake wa kulia umeingia humo mpaka kwenye kifundo. Unachoona ni kitambaa kinatikisika, kama kuna panya. Mfuko una tundu, na kidole cha shahada kinatokeza hapo kwa sababu hakiruhusiwi kugusa shanga. Kimenyooka. Kila nilipoingia na fagio kilikuwa kinaelekea mlangoni, kama kinamwonyesha mtu aliyesimama nyuma yangu. Niligeuka mara ya kwanza. Niligeuka mara ya pili. Mara ya kumi nilijikaza nisigeuke, shingo ikauma siku nzima.

Mwezi wa kwanza nilizungumza kwa ajili yetu wawili. Nilimpa habari za mnada, bei ya mahindi, nani kaolewa. Mwezi wa pili maneno yakaanza kuniishia. Sijui nieleze vipi. Ukimwagia maji mchangani mwishoni unaweka ndoo chini. Nikawa napika kimya. Na nyumba ikiwa kimya saa saba mchana, jua limesimama juu ya bati, barabarani hakuna hata pikipiki, unasikia vitu. Bati linajinyoosha. Shanga zinagongana ndani ya kitambaa. Mara nyingine unasikia zikigongana, unachungulia, unaona mkono umetulia.

Mwezi wa tatu ndipo alipoanza kukohoa kama mumewe. Yule mzee alikuwa na kikohozi cha kusafisha koo kabla hajaingia chumbani, hm-hm, mara mbili, kutuambia wanawake anakuja. Nikiwa jikoni nikakisikia, hm-hm, koridoni, mikono yangu ikashuka kwenye maji. Akatokea yeye, mayu, na nyeupe yake. Akaanza pia kuburuta mguu wa kushoto. Mzee alikuwa anaburuta wa kushoto. Leo najua ni nyonga, kulala sakafuni kwa umri ule, na koo lisilotumika hukauka. Siku zile sikujua. Mbwa naye alikuwa hapandi tena barazani. Alilala kule kwenye geti, akimtazama.

Ni katika siku hizo mdogo wangu alikuja kutoka Nkoma, ameuza pamba yake, kaniletea michembe ya viazi vikavu na karanga. Mdogo wangu ana mdomo. Aliingia mpaka ndani, maana hajui kukaa anapoambiwa akae.

"Mwadila, mayu," akamwamkia. Kimya. Kidole kikamwelekea.

Akarudi jikoni mbio. "Dada, yule mbona haitiki?"

"Ameacha kusema."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa saba."

"Na anakula nini, amebaki kama ufito?"

"Mseto. Hali chumvi."

Akaweka kikombe chini polepole. "Hali nini?"

"Chumvi. Ni dini yao, mumewe alianza akafa hajamaliza, yeye anamalizia. Usiniangalie hivyo."

"Dada, wewe umezeeka vibaya! Mtu hasemi. Hali chumvi. Analala chini. Mkono uko mfukoni unafanya kazi mchana kutwa, kazi yenyewe haionekani. Kwetu Mwamapalala bibi yetu alimwitaje mtu wa namna hiyo?"

"Nyamaza."

"Alimwitaje?"

"Litunga," nikasema. Nilisema mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kwa asiyejua: litunga ni mtu aliyechukuliwa na wachawi. Ninyi mnazika, mnalia, mnagawana nguo zake, kumbe mmezika gogo la mgomba. Yeye yupo, anatumikishwa, ulimi umekatwa asiseme aliko. Wanamlisha pumba. Chumvi hawampi hata punje, kwa sababu akiionja anakumbuka kwao, anaamka, anarudi. Haya nililishwa na bibi yangu pamoja na uji. Ubatizo ulikuja baadaye, ukakaa juu yake.

"Nani amchukue?" nikamuuliza. "Hapa Somanda, watu na taa za umeme?"

"Mumewe. Si unasema hajamaliza? Anamalizia kwa mwili wa mkewe. Kikohozi chake si umenisimulia mwenyewe? Unampikia mzee, dada, humpikii mayu wako."

Nikamtukana. Nikamwambia arudi Nkoma akapalilie. Akacheka, akafunga kanga yake, lakini kabla hajaondoka alifungua pindo akanitolea chumvi, ile nyeupe ya mawe inayotoka Eyasi, ambayo wazee wetu walikuwa wanaifuata kwa miguu. "Ya dukani haina nguvu," akasema. "Kidogo tu. Akiwa mzima, itamdhuru nini? Watu wote wanakula chumvi."

Ukilisikia neno hilo mchana, juani, linaonekana lina akili. Itamdhuru nini?

Nilikaa na ile chumvi siku tisa. Niliificha nyuma ya debe la unga. Kila siku nilijiambia leo namwaga. Kila siku saa saba nilimpelekea mseto, nikamwona anainua macho kunitazama, na macho yale yalikuwa yameingia ndani, yanang'aa, yanatazama kama mtu anayekuangalia kupitia tundu la ufunguo. Mjukuu wangu nyumbani akaniuliza, "Bibi, mbona siku hizi ukiulizwa unapiga makofi?" Sikujua kwamba napiga makofi.

Hapo niliogopa kweli. Nikasema, wa kwanza kachukua wa pili, na wa pili ananichukua mimi.

Siku ya tisini na nne nikatia. Nilitwanga jiwe likawa unga, nikatia kwa vidole vitatu, kama ninavyotia kwenye chakula cha mwanangu. Sikuwa na hasira naye. Nataka hilo lieleweke. Nilikuwa namwita arudi.

Alipokea bakuli. Akaliweka mbele ya picha, akainamisha kichwa. Nikakumbuka hapo: na Mungu wao naye anakula chumvi yangu, amelala. Akalichukua, akageukia ukuta, akamega kwa mkono. Nilisimama mlangoni. Tonge la kwanza likaingia. Taya likaenda mara moja, mbili, likasimama.

Nikaona koo linapanda na kushuka. Amemeza.

Akageuka. Machozi yalikuwa yanashuka bila uso kulia, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Akafungua mdomo. Akaufungua wote, nikaona mpaka ndani, nikaona ulimi wake, mzima, mwekundu, hakuna aliyeukata. Ulimi wa mtu. Ulitetemeka, sauti iko nyuma yake inasukuma, na mimi nikasema moyoni, sema, nitukane, sema. Akapeleka kiganja mdomoni akaziba.

Nilisikia lori likipita barabarani, likaisha.

Kisha akainuka, akiburuta nyonga yake. Akaenda kusukutua. Akarudi na kitambaa kibichi, akasimama mbele ya ukuta, akafuta mistari yote tisini na minne. Alifuta kwa utaratibu, safu kwa safu, kama mtu anayemwogesha mtoto. Maji ya chaki yakashuka mpaka sakafuni. Ukuta ulipokauka akachukua chaki akachora mstari mmoja.

Nilipiga magoti nikamwambia yote. Litunga, kikohozi, mdogo wangu, chumvi ya Eyasi. Nilitaka anifukuze. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniwekea mkono kichwani, mwepesi kama jani kavu. Halafu akachukua lile bakuli, akaliosha mwenyewe, akanikabidhi. Maana yake kesho nipike tena. Nimepigwa na mume katika ujana wangu, siku mbili tatu, na hakuna siku niliyoumia kama ile ya kukabidhiwa bakuli.

Nikampigia mtoto wake Mwanza. Nilisema, "Mimi ndiye niliyeharibu," kabla hajaitikia vizuri. Akauliza jambo moja tu: "Alimeza?" Nikasema alimeza.

Alikuja keshokutwa yake. Kijana mnene, mpole, ana watoto vyuoni. Alikaa sakafuni mbele ya mama yake akambembeleza kwa Kiswahili, kwa lugha yao, hata kwa Kisukuma. "Mama, hukujua. Usichokijua hakihesabiwi." Mama akatikisa kichwa. Mtoto akampigia kuhani wao simu, akaweka sauti kubwa, nami nikaisikia: yule kuhani alisema kosa si lake, Mungu anaona nia, aendelee na hesabu yake ya zamani, zimebaki siku ishirini na nne. Alisema vizuri, kwa upole. Mayu akasikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama kwa heshima. Simu ilipozimwa akanyoosha kile kidole akauonyesha ukuta. Mistari mitatu.

"Ni kiburi hicho, mama!" mtoto akalia.

Nina kiburi mwenyewe na nakijua nikikiona. Kilikuwepo, kweli. Lakini kulikuwa na kitu kingine chini yake ambacho sikukijua, na ndicho kilichokuwa kinamshika mgongo ukanyooka vile, mwanamke mwenye moyo kama kiazi. Dawa za daktari alimeza, hilo hakukataa. Mtoto akarudi Mwanza na macho mekundu. Pale mlangoni akaniambia, "Bibi, mlinde." Nikasema ndiyo. Safari hii niliahidi.

Tangu siku ile nikawa nakula mseto kama wake, bila chumvi. Hakuniambia. Niliona aibu kulamba chumvi ndani ya nyumba ile.

Ikafika siku ya mia na ishirini kwa hesabu ile ya kwanza, siku Mungu wao anapoamka. Alipanga taa ndogo za samli barazani, akampamba yule wa bluu kwa maua. Mimi nilikuwa jikoni, saa nne asubuhi, nakuna nazi. Nikasikia mtu anasema. Chumbani. Maneno machache, taratibu, kwa lugha yao, kama mtu anayemweleza mwenzake kitu alichokisahau. Mbuzi ya kukunia ikaanguka. Nikakimbia. Nilimkuta kwenye mkeka wake, midomo imefungwa, mkono mfukoni, kitambaa kinatikisika. Hakukuwa na redio. Simu yake ilikuwa kwa mtoto. Nikamwuliza, "Mayu, umesema?" Akanitazama kwa mshangao, halafu taratibu akageuza kichwa akatazama pale nilipokuwa nimetazama, kwenye kona, kwenye kiti cha mumewe. Naye alikuwa amesikia. Nilichosikia nilikisikia, na sitabishana na mtu.

Mvua zikaanza. Bati likapata kazi. Alikuwa anakula matonge matatu, kisha mawili.

Asubuhi ya siku ya hamsini na moja, hata mwavuli sijaukung'uta, nikasikia makofi mawili. Dhaifu, kama kanga inayopigwa na upepo. Alikuwa ameegemea ukuta. Rangi imeondoka. Nikamshika, nikapiga kelele kwa jirani atafute bajaji, hospitali si mbali. Akanishika mkono nisiende. Midomo ikaanza kucheza.

"Sema, mayu," nikamwambia. "Sema. Mungu wako ameshaamka, aliamka tangu mwezi uliopita. Sema tu, mimi ndiye niliyeharibu, dhambi iwe yangu. Sema!"

Alitaka. Wallahi alitaka, kama wanavyoapa jirani zangu. Neno lilipanda mpaka kwenye meno, nililiona likisukuma shavu. Akainua kiganja. Nami nikafanya jambo ambalo mpaka leo silijui kama lilikuwa wema: nilichukua chaki nikamtia mkononi mwake. Nikamwambia, "Kama husemi, andika. Ukutani hapo. Andika neno moja, nitampelekea mtoto wako."

Akaitazama chaki. Akautazama ukuta. Mkono ukapanda, nikaushika kiwiko nikaubeba. Chaki ikagusa ukuta.

Akachora mstari. Siku ile alikuwa hajaweka alama yake.

Chaki ikaanguka, naye akaniegemea. Bajaji ilipofika hapakuwa na haja ya kukimbia.

Mtoto aliuliza, "Alisema kitu?" Nikamwambia, hapana, aliweka alama. Wakampeleka Mwanza wakamchoma kwa desturi yao. Na mimi niliyebaki Somanda nikafanya hesabu ambayo haihitaji shule. Kama nisingetia chumvi, siku mia na ishirini zingetimia siku ishirini na nne kabla ya asubuhi ile. Angekuwa ameshafungua mdomo. Angesema lake, pengine na la mumewe, na asubuhi ile angekufa kama wanavyokufa watu, mdomo wazi. Nilimziba mimi, kwa vidole vitatu.

Kesho yake nilifungua nyumba kwa ufunguo wangu, nikaingia chumbani. Mistari hamsini na mmoja. Nikaokota chaki nikachora wa hamsini na mbili.

Mtoto wake alipojua alikuja kunizuia. "Bibi, wewe si wa dini yetu, na hakuna anayekudai." Sikumjibu, maana nilikuwa nimeshaanza. Katekista wangu naye alikuja, akasema maneno mengi, akaondoka nayo. Mumewe alianza, mkewe akapokea kwa kuwa alikuwa mke. Mimi ni nani? Mimi ndiye niliyetia chumvi. Naona inatosha.

Ndiyo maana naandika, mimi ambaye barua yangu ya mwisho nilimwomba mtu aniandikie. Daftari ni la mjukuu. Kuandika sikukatazwa, kwa kuwa hakuna aliyebaki wa kunikataza.

Nalala kule kule kwenye nyumba yao, kwenye mkeka. Mdogo wangu hajafika tena, anaogopa. Wajukuu wanakuja kunichungulia, wananicheka, wakubwa wanalia. Mdomo bila chumvi unakuwa mdomo mwingine: maji ya bomba yana ladha ya chuma, mchele una utamu ambao sikuwahi kuujua kwa miaka yote niliyojisifu. Saa saba mchana bati linajinyoosha. Kiti kiko kwenye kona. Sikiangalii sana, lakini sikigeuzii mgongo.

Leo nimechora mstari wa mia na moja. Zimebaki kumi na tisa, na moyo wangu mimi ni mzima, nimelima. Mjukuu wangu wa mwisho ameniuliza leo, "Bibi, ukimaliza utasema nini cha kwanza?" Sikuweza kumjibu, na hata ningeruhusiwa nisingejua. Neno lipo. Limekaa chini ya ulimi tangu juma lililopita, dogo, gumu, nalisikia likigonga jino ninapolala. Nimeligeuza huku na huku. Si la Kiswahili, wala la Kisukuma, na Kisukuma chote nakijua.